Umeongeza RAM, umepiga Windows upya, na kompyuta bado inazima: uanzie wapi?

Kompyuta ya duka la steshenari ilikuwa nzito. Ukifungua Word, unaweza kwenda kuchota maji na kurudi ndipo inafunguka. Fundi akashauri mambo matatu: RAM iongezwe kutoka GB 4 hadi GB 8, hadi diski ya zamani itolewe na kuwekwa SSD, kisha Windows ipigwe upya. Kazi ikafanyika kwa siku moja, pesa ikalipwa, na kwa siku mbili kompyuta ikakimbia kama mpya. Siku ya tatu, mteja amekaa anajaziwa maombi ya mkopo wa chuo, skrini ikageuka bluu, ikaandika maneno ya Kiingereza, ikazima na kujiwasha yenyewe. Jioni ikarudia. Kesho yake ikazima mara nne.

Mkasa wa namna hii ni wa kawaida vijijini na kwenye miji midogo. Kompyuta nyingi tunazotumia madukani, shuleni na kwenye ofisi za vyama vya ushirika ni zile za mezani zilizotumika miaka kadhaa maofisini, mara nyingi nje ya nchi, kabla ya kutufikia sisi. Ni mashine imara, lakini ni za umri, na vifaa vya kuziongezea nguvu hununuliwa popote vinapopatikana.

Kinachofuata baada ya hapo nacho ni cha kawaida. Kompyuta inarudishwa kwa fundi, fundi anapiga Windows tena. Inatulia siku mbili tatu, inaanza upya. Inarudishwa, inapigwa tena. Nauli inaondoka, wateja wanahamia duka la jirani, na hakuna aliyejua tatizo ni nini.

Makala haya yanaeleza kwa nini kupiga Windows mara ya pili na ya tatu mara nyingi hakusaidii, na ufanye nini badala yake. Si lazima uwe fundi. Mengi ya haya unayaweza ukiwa na bisibisi, flashi na hiyo simu unayosomea sasa.

Okoa mafaili kwanza

Kompyuta inayozima hovyo inaweza kuharibu faili lililokuwa wazi wakati ule, na ikizima mara nyingi inaweza kuharibu hata mpangilio mzima wa diski. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ugonjwa, nakili vitu muhimu kwenye flashi au diski ya nje: daftari la wadeni, matokeo ya wanafunzi, orodha ya wanachama, picha za wateja. Anza na kile ambacho ukikipoteza hutaweza kukitengeneza tena. Muziki na filamu vitasubiri.

Kama hadi diski ya zamani ilitolewa bila kufutwa, hiyo ndiyo akiba yako. Iweke mahali pakavu na usikubali mtu aifomati.

Na kama ilishafutwa na kuna kazi zilizopotea, acha kuitumia mara moja. Kila unachoandika juu yake kinafunika kile ambacho pengine kingeokolewa.

Kwa nini Windows mpya haiponyi

RAM ni kama meza ya kazi. Diski ni kabati la kuhifadhia, na RAM ni meza ambayo kompyuta huweka kila kitu inachokishughulikia kwa wakati huo. Chochote kinachotoka kabatini hupita mezani. Sasa fikiria meza yenye tundu sehemu moja: ukiweka karatasi pale, inarudi imechanika. RAM mbovu ndivyo ilivyo. Kompyuta inaweka namba 5, ikija kuichukua inakuta 7. Namba hiyo ikiwa ni rangi ya doa moja kwenye picha, hutaona kitu. Ikiwa ni sehemu ya amri za Windows yenyewe, kompyuta inaanguka.

Ndiyo maana kuanguka kwenyewe hakuna mpangilio. Leo ni wakati wa kuchapa, kesho ni wakati wa kufungua intaneti, keshokutwa imekaa tu haifanyi kitu. Inategemea nini kimeangukia kwenye tundu.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Wakati wa kupiga Windows, maelfu ya mafaili yake yanapita kwenye RAM hiyohiyo kabla ya kuandikwa kwenye SSD. Kama RAM ni mbovu, Windows mpya inaweza kuzaliwa ikiwa mgonjwa. Utaitoa RAM mbovu baadaye, na Windows itaendelea kusumbua kwa sababu mafaili yake yaliharibika siku ya kwanza. Basi mpangilio sahihi ni huu: kwanza hakikisha vifaa ni vizima, Windows ipigwe mwisho. Fundi anayeanza na Windows anaanzia mkiani.

Tena usisubiri ijirekebishe. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchunguzi wa kompyuta za watu wa kawaida zipatazo milioni moja. Waliona kwamba kompyuta iliyoanguka mara moja kwa sababu ya hitilafu ya kifaa ina uwezekano mkubwa mno wa kuanguka tena kwa hitilafu hiyohiyo, kuliko uwezekano iliokuwa nao wa kuanguka mara ya kwanza. Kifaa kilichoanza kukosea hakiachi.

Usiache vifaa vyako vya zamani kwa fundi

Kipande cha RAM kilichotolewa na hadi diski iliyotolewa si takataka. Ndivyo vipimo vyako. Mabadiliko matatu yalifanyika siku moja, na hujui lipi lilileta shida. Njia ya uhakika zaidi ya kujua ni kurudisha kimoja kimoja nyuma na kuangalia.

Anza na RAM, kwa sababu ndiyo rahisi kutoa na ndiyo inayoshukiwa kwanza. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Shika chuma cha boksi la kompyuta ili umeme tuli wa mwilini mwako uondoke, maana unaweza kuua chipu bila wewe kuusikia. Kwenye kompyuta mpakato, toa betri kwanza kama inatoka. Piga picha ya ndani kwa simu kabla hujagusa kitu; picha hiyo itakukumbusha kila kitu kilikaa wapi.

Toa RAM mpya, bakiza ya zamani peke yake. Meno ya dhahabu ya RAM yakiwa na ukungu au vumbi, yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, kisha irudishe hadi usikie vibanio vikifunga. Wakati mwingine ugonjwa wote ulikuwa hapo tu: RAM haikukaa sawasawa, na barabara ya vumbi kutoka kwa fundi hadi dukani ikailegeza.

Tumia kompyuta hivyo kwa muda unaozidi ule iliokuwa ikichukua kabla ya kuanguka. Kama ilikuwa inaanguka kila siku, ipe siku tatu. Itakuwa nzito, lakini hutafuti mbio sasa. Ikitulia, rudisha RAM mpya peke yake, kwenye sloti ileile iliyokuwa na ile ya zamani. Ikianguka, mwenye kosa umempata. Isipoanguka, ijaribu kwenye sloti ya pili, kwa sababu inawezekana RAM ni nzima na sloti ndiyo mbovu. Na kama kila moja inafanya kazi vizuri ikiwa peke yake lakini mbili pamoja zinagombana, tatizo ni kutopatana, si ubovu. RAM za kampuni mbili zenye kasi tofauti mara nyingi hukubaliana na kwenda kwa mwendo wa ile ya polepole zaidi, lakini si kila mara.

Kutopatana kunastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa ya watu inapopotea. DDR3 na DDR4 hazibadilishani. Pengo la chini liko mahali tofauti, hivyo hata haziingii. Lakini ndani ya DDR3 yenyewe kuna aina mbili zinazofanana sura: ya kawaida inayotumia volti 1.5 na ile iliyoandikwa DDR3L au PC3L inayotumia volti 1.35. Kompyuta mpakato nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2013 hivi zinataka hiyo ya volti ndogo. Ukiweka ya kawaida, inaweza kukataa kuwaka kabisa, au ikawaka na kukusumbua. Vilevile sokoni kuna RAM za DDR3 za bei chee zilizotengenezwa kwa ajili ya bodi za AMD pekee. Kwenye kompyuta ya Intel hazifai. Kabla ya kununua, piga picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye RAM yako ya zamani umwonyeshe muuzaji. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Kupima RAM usiku kucha

Windows ina kipimo chake. Shikilia kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika mdsched, bonyeza Enter, kisha ukubali kuwasha upya. Kompyuta itajipima kabla ya Windows kufunguka. Kipimo hiki ni chepesi: kikisema kuna kosa, liamini, kikisema hakuna, usifurahi mapema.

Kipimo kikali zaidi ni programu inayoitwa MemTest86, au ndugu yake Memtest86+. Zote zinapatikana bure, ni ndogo, na huwekwa kwenye flashi ambayo kompyuta inawashwa nayo badala ya Windows. Ziache zipime usiku mzima. Umeme ukikatika katikati, hakuna kinachoharibika, kwa kuwa programu haiandiki chochote kwenye diski yako. Utaanza upya tu. Asubuhi angalia idadi ya makosa. Inatakiwa iwe sifuri. Kosa moja likionekana, kuna tatizo, hata kama fundi atasema moja si neno. Piga picha ya skrini hiyo. Ukienda dukani kudai RAM nyingine ndani ya siku za waranti, picha hiyo ina nguvu kuliko maelezo marefu.

Skrini ya bluu inasema nini

Ile skrini ya bluu inatisha, lakini ni rafiki. Ni Windows inayokuambia iliona nini kabla ya kuzima. Kuanzia mwaka 2025 kwenye Windows 11 imeanza kuwa nyeusi, ila kazi yake ni ileile. Shida ni kwamba hupita haraka. Ili ikae, bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda sehemu ya Advanced, chini kabisa bofya Settings, uondoe alama kwenye maneno Automatically restart. Ikitokea tena, ipige picha.

Huna haja ya kuelewa kila neno. Tazama kwanza kama maandishi ya herufi kubwa ni yaleyale kila mara au yanabadilika. Yakiwa yanabadilika badilika, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa kitu kingine, mkono unanyooshwa kwa RAM. Yakiwa yaleyale kila siku na chini yake kuna jina la faili linaloishia na .sys, uwezekano ni draiva, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa fulani. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ina maana Windows imeshindwa kuifikia diski yake yenyewe. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni kifaa kulalamika moja kwa moja: prosesa, joto, au umeme usiotosha.

Na kama hakuna skrini yoyote, inazima tu puu kama taa iliyokatiwa umeme, hapo fikiria umeme au joto kabla ya RAM.

Kuna mafundi watakufungulia kumbukumbu za Windows, wakuonyeshe mstari mwekundu ulioandikwa Kernel-Power 41, na kukuambia pawa saplai imekufa, nunua nyingine. Usikimbilie kulipa. Mstari huo unasema tu kwamba kompyuta ilizima bila kuaga. Hausemi nani aliizima. Hata ukichomoa waya ukutani mwenyewe kwa makusudi, utauona.

Betri ndogo yenye hila kubwa

Dalili hii ni ya kompyuta zetu hasa. Inafanya kazi mchana kutwa bila shida. Umeme ukikatika, au ukichomoa waya jioni, kesho yake haifungui Windows. Inaleta INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE au inasema hakuna diski. Saa nayo imerudi nyuma miaka. Fundi anapiga Windows, inafanya kazi, umeme unakatika, yanarudi yaleyale.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri bapa ya duara, kama sarafu, iliyoandikwa CR2032. Ni ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya msingi, ile inayoitwa BIOS, wakati hakuna umeme. Mashine ikiwa na umri wa miaka kumi, betri hiyo mara nyingi imekwisha. Mojawapo ya mipangilio inayosahaulika ni namna kompyuta inavyoongea na diski, ambayo mara nyingi huwa AHCI au RAID. Kama fundi aliiweka AHCI wakati wa kupiga Windows, na kiwandani ilikuwa imepangwa RAID, kila umeme unapokatika inarudi RAID, na Windows inapotea njia. Diski ni nzima, Windows ni nzima. Kinachotakiwa ni betri mpya, ambayo bei yake ni ndogo, kisha kuingia BIOS na kurudisha mpangilio uliokuwepo Windows ilipopigwa.

Hata kama kompyuta haianguki, saa ikiwa nyuma miaka mingi tovuti nyingi zitakataa kufunguka, maana vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe. Watu hulaumu bando.

SSD, na flashi iliyotumika

SSD haina sehemu inayozunguka, hivyo haiogopi kutikiswa kama hadi diski. Lakini ikifa, mara nyingi hufa bila onyo. Dalili za SSD yenye shida ni kompyuta kuganda sekunde kumi, ishirini, kisha kuendelea kama hakuna kilichotokea. Au kuwashwa na kusema haioni diski, ukizima na kuwasha inaiona. Kabla ya kuihukumu, angalia waya wake. Kwenye kompyuta za mezani SSD ndogo mara nyingi huachwa inaning'inia bila skrubu, na waya mwembamba wa data unalegea. Ukaze, au ubadilishe. Ni waya wa bei nafuu.

Programu ya bure ya CrystalDiskInfo hukuonyesha afya ya diski kama inavyojiripoti yenyewe. Ikisema Caution au Bad, nakili mafaili siku hiyohiyo.

Jihadhari pia na bandia. Kuna flashi na SSD zilizodanganywa ukubwa: zimeandikwa GB 256 lakini ndani zina nafasi ndogo zaidi, na ukishapita nafasi hiyo mafaili yanaharibika kimyakimya. Programu ya H2testw inaijaza flashi data na kuisoma tena kuona kama imerudi salama. Flashi iliyotumika kupigia Windows ikiwa ya namna hii, au ikiwa imechoka, Windows itakayotoka itakuwa na kasoro kwenye kila kompyuta iliyopigwa nayo. Muulize fundi kama kompyuta nyingine alizopiga wiki hiyo zinasumbua pia. Jibu lake litakueleza mengi.

Umeme na joto

Watu huambiwa kwamba RAM na SSD mpya zimeizidi nguvu pawa saplai. Si rahisi. RAM inakula wati chache, na SSD kwa kawaida hula pungufu ya hadi diski iliyotolewa. Kama kilichoongezwa ni kadi ya picha kwa ajili ya kuhariri video, hapo hoja ina uzito: kadi isiyo na waya wake wa umeme inaweza kuvuta hadi wati 75 kupitia sloti yake, na kompyuta ndogo za ofisini zina pawa saplai za wati chache zilizopangwa kwa matumizi ya ofisi. Ikizima kila unapofungua video nzito au mchezo, toa kadi hiyo na ujaribu bila yake.

Kwetu umeme wenyewe ni mtuhumiwa. Andika saa inazima lini. Kama ni jioni, kati ya saa moja na saa nne, wakati kila nyumba imewasha taa na luninga, yamkini umeme unashuka. Kama mnatumia sola, inveta za bei nafuu zisizotoa umeme laini kama wa gridi zinaweza kuzisumbua baadhi ya pawa saplai. Ipeleke kompyuta siku mbili kwa mtu mwenye umeme mzuri. Ikitulia kule na kuzima kwako, usinunue RAM.

Joto lina alama yake: kompyuta inawaka vizuri ikiwa baridi, kisha inazima baada ya muda unaokaribiana kila mara, na ukiiwasha papo hapo inazima mapema zaidi. Fungua uangalie feni ya prosesa inazunguka. Kwenye kompyuta mpakato waya wa feni ni mdogo sana na husahaulika kurudishwa baada ya kufungua. Kama fundi alitoa chuma cha kupozea bila kupaka upya ule utomvu wa kijivu unaokaa kati yake na prosesa, joto halina pa kwenda.

Je, ni Windows au ni kifaa?

Kama bado huna uhakika, kuna kipimo kimoja ninachokiona bora kuliko vingine, na hakigusi kitu. Weka Linux Mint au Ubuntu kwenye flashi na uwashe kompyuta kwa flashi hiyo ukichagua kuijaribu bila kuisakinisha. Zote ni bure. Itafunguka na unaweza kuandika, kusikiliza muziki na kuingia intaneti, huku Windows na diski yako vikiwa vimelala. Itumie nusu siku. Ikiganda au kuzima hata hapo, Windows haina hatia. Ni RAM, joto, umeme au bodi. Ikienda salama kabisa, basi shaka inahamia kwenye Windows, draiva, au SSD. Na kama Windows haifunguki tena, mara nyingi flashi hiyohiyo itakuwezesha kuona mafaili yako na kuyanakili.

Uandaaji wa flashi hizi unahitaji bando: Windows ni gigabaiti 5 au zaidi, na Linux nayo ni gigabaiti kadhaa. MemTest86 ni ndogo mno kulinganisha na hizo. Shule au duka mkishirikiana, flashi tatu zinaweza kuhudumia kata nzima.

Windows ipigwe sasa

Vifaa vikishapita mtihani, yaani RAM imepimwa bila kosa, waya umekazwa, betri imebadilishwa na BIOS imepangwa, ndipo upige Windows, mara moja, kutoka kwenye faili lililopakuliwa tovuti ya Microsoft. Windows zilizopunguzwa au kuchakachuliwa na watu zinazogawanywa kwenye flashi za mafundi huja zikiwa zimezimwa kinga, na programu za kuifanya ionekane imelipiwa ni njia inayojulikana ya kuingiza virusi. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotoka na Windows 8 au baadaye zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya bodi yenyewe. Ukipiga toleo linalolingana, inajitambua bila kuombwa namba.

Toleo gani? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Wapo wanaoilazimisha. Inaweza kukubali, lakini kwenye mashine ambayo tayari ina historia ya kuanguka nisingeiongezea jambo jingine la kubahatisha. Duka linaloandika barua na kuingia intaneti linaweza kufanya kazi na Linux Mint, mradi uhakikishe kwanza printa yako inakubali.

Baada ya kupiga, iache Windows ijisasishe na kupata draiva zake, kisha kilichobaki kichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa kutafuta namba ya modeli. Epuka programu zinazoahidi kukuwekea draiva zote kwa mpigo. Ikiwa imeanza kuanguka mara tu baada ya draiva fulani, iwashe kwenye hali ya usalama inayoitwa Safe Mode. Ikitulia hapo, toa draiva hiyo.

Weka vitu kwa zamu. Siku ya kwanza Windows na draiva tu. Ikipita siku mbili, weka Office na printa. Kisha rudisha mafaili. Andika tarehe na kilichoongezwa kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwa kompyuta, ili ikianguka tena fundi yeyote atakayekuja ajue kilichoguswa mwisho ni kipi. Hadi diski ya zamani iache kabatini kwa mwezi mzima kabla hujaifikiria kwa kazi nyingine.